Mpangaji Akirudisha Shamba Kabla ya Wakati

Wasomaji wengi wenye mashamba huko Mau Narok hukodisha ekari mbili tatu kwa wakulima wa viazi, nao hupokea kodi ya misimu kadha kwa mara moja. Je, mpangaji akija kabla ya muda kwisha, akasema, "Chukua shamba lako, unirudishie kodi iliyobaki," mwenye shamba atende nini?

Jambo hilo lilinifika mimi. Mpangaji wangu, mtu aliyenizidi umri, alikuwa amelipia misimu minne. Katikati ya msimu wa pili alikuja nyumbani jioni, akaketi, akanyamaza kitambo.

"Bwana karani," akasema, "viazi vinanyauka vingali vibichi. Nimeshindwa."

"Mzee, mapatano ni mapatano," nikamjibu. Neno hilo lilinitoka upesi, kwa maana fedha zake nilikuwa nimekwisha kuzilipa karo ya watoto.

Asubuhi tulikwenda shambani pamoja. Tulikata shina la mmea ulionyauka, tukatumbukiza ncha yake katika bilauri ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukashuka majini. Hiyo ndiyo dalili ya mnyauko wa bakteria, ugonjwa ukaao udongoni, usio na dawa. Shamba la namna hiyo halifai viazi wala nyanya kwa misimu kadha. Lafaa ngano au mahindi. Kosa ni la nani? Yeye alinunua mbegu sokoni, wala hakununua mbegu iliyothibitishwa, kama ile ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo kule Molo. Lakini huenda ugonjwa ulikuwamo tangu zamani, au uliletwa na maji ya mvua kutoka shamba la juu. Sikuweza kuapa.

Basi nikaitoa hati yetu, nikidhani ni ngao yangu. Kumbe! Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka ukodishaji wa shamba la kilimo, katika eneo lililo chini ya sheria hiyo, upate kibali cha Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Pasipo kibali mapatano ni batili, na fedha zilizolipwa zaweza kudaiwa kama deni. Sisi hatukwenda kwenye Bodi hata siku moja. Nami ni karani, nipigaye mihuri hati za watu kutwa!

Tukapatana hivi. Kodi ya msimu mmoja nilibaki nayo, kwa kuwa shamba lingekaa tupu hadi apatikane mtu mwingine. Ya msimu wa nne nilimrudishia kwa mafungu mawili. Yeye aling'oa mimea yote pamoja na viazi vilivyooza, visije vikachipuka tena. Tuliandika hati ya kurudisha shamba, yenye tarehe na mashahidi wawili.

Baadaye alikuja mtu wa ngano. Nilimweleza habari ya ugonjwa kabla hajauliza, naye mara hiyo akataka nimpunguzie kodi. Nilimpunguzia. Trekta yake haikuingia shambani mpaka tulipokwisha kupata kibali cha Bodi.