Mtaa Unaomlea Mwana

Mwalimu anayehamishwa kutoka Bungoma au Kitui kuja kufunza jijini Nairobi hupewa mashauri mengi kabla hajapakia kitanda chake. Huambiwa kwamba mtaa huu una wezi, ule una jina kubwa, huu ni wa mabwanyenye na ule ni wa makapera. Hukumbushwa kwamba marupurupu ya nyumba anayolipwa mwalimu wa Nairobi yanazidi ya mwenzake wa mashambani, kwa hivyo asijidhalilishe. Kinachosahaulika aghalabu ni swali ambalo mtoto wake wa miaka saba angeliuliza lau angepewa nafasi barazani: nitacheza wapi, na nani, kwa lugha gani?

Jiji lenyewe halikujengwa kwa kumfikiria mtoto huyo. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Wakoloni walipoigawa walijichukulia miinuko ya magharibi na kaskazini yenye udongo mwekundu, Wahindi wakapata Ngara na Parklands, naye Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaoshika maji. Mwafrika huyo alihesabiwa kuwa kibarua wa kupita tu. Alitarajiwa kuwaacha mke na wana kijijini, na ndiyo maana makao mengi ya awali ya wafanyakazi yalikuwa vyumba vya kulaza wanaume. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa ile iliyokubali kwamba mfanyakazi wa mjini ana familia. Nyumba zake za chini zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, pakawekwa na ukumbi wa jamii. Leo kuta zake zimechakaa, lakini mpango wake ungali unaishinda mitaa mingi iliyojengwa baada ya uhuru na watu waliojiona wajuzi zaidi.

Anayedhani kwamba mgawanyo ule ulikwisha mwaka 1963 na azitazame mvua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizisomba nyumba za Mathare na mitaa mingine iliyo kando ya mito, kisha serikali ikabomoa zilizosalia karibu na kingo. Mwezi Aprili mwaka 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, hatua chache kutoka mtoni, likaua watu wapatao 50. Dandora nako, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970 ili wenye kipato kidogo wajijengee, umeishia kuwa jirani wa jaa kuu la taka la jiji. Utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi damuni kupita kiwango kinachokubalika. Madini hayo huidhuru akili ya mtoto, wala hakuna mwalimu hodari kiasi gani atakayeyaondoa kwa masomo ya ziada. Basi kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, mzazi aulize maji ya mvua huelekea wapi na moshi hutoka wapi.

Hapa ndipo wengi hukata shauri kwa haraka: ikiwa mashariki kuna hatari, mwana apelekwe magharibi. Shauri hilo lina walakini. Kileleshwa na Kilimani, zilizosifika zamani kwa nyumba za bustani, sasa zimesheheni maghorofa yenye kuta ndefu, geti la chuma na mlinzi anayeandika nambari ya kitambulisho cha kila ajaye. Mtoto wa huko hushuka kwa lifti, akaingia katika basi la shule, jioni akapanda kwa lifti. Uwanja wake ni maegesho ya magari, na hata hapo kuna kibao cha kukataza mpira. Msimamizi wa jengo huwajua wapangaji kwa milango yao: huyu ni wa B4, yule ni wa D12. Linganisha na ploti ya Umoja au Kayole, ambako mwanamke huitwa kwa jina la kifunguamimba wake. Yeye ni Mama Brayo au Mama Shiru, na anayemwita hivyo anamjua Brayo mwenyewe. Akimwona akizurura barabarani saa nne za asubuhi atamuuliza kwa nini hayuko darasani. Mkono mmoja haulei mwana, na mlinzi wa getini hahesabiwi katika mikono hiyo, kwa kuwa kazi yake ni kumzuia mgeni tu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba umaskini ndio unaoleta ujirani. Pipeline, kule Embakasi, majengo yamebanana hata chumba cha chini hakilioni jua, na ushoroba wa giza ndio uwanja, ndio dobi, ndio njia ya mitungi ya maji. Katika ushoroba kama huo majirani hugombania kamba ya kuanikia nguo, na mtoto anayelia huonekana kero. Penye watu wengi hivyo wanaohama kila baada ya miezi michache hapajengeki mazoea ya kuaminiana. Kwa hivyo kigezo kisiwe utajiri wala ufukara. Kiwe nafasi ya wazi inayotumiwa na wote, na wakaazi wanaodumu. Buru Buru, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, iliyapata yote mawili: nyumba zake zilielekezana kwenye koti moja, na mama aliyekuwa jikoni aliweza kuwaona watoto wa nyumba kadhaa kwa dirisha lile lile. Inasikitisha kwamba sehemu nyingi za mtaa huo zimebanwa na nyumba za nyongeza za kukodisha. Mwenye nyumba hupata kodi ya pili, na watoto wa koti zima hupoteza pa kukimbilia.

Shule nayo ina hesabu yake. Wazazi wengi hutafuta nyumba kwanza, kisha shule, halafu hushangaa mbona mtoto wa chekechea husimama kando ya barabara kabla ya mapambazuko akisubiri basi, kichwa kikining'inia kwa usingizi. Kilomita mbili za Nairobi hazilingani na kilomita mbili za kijijini. Shule iliyo ng'ambo ya Barabara ya Outering au ya Thika, ile iliyozinduliwa mwaka 2012 kwa fahari ya njia nane, si ya jirani tena kwa mtoto wa miaka sita, hata kama paa lake linaonekana kutoka sebuleni. Heri nyumba ya vyumba viwili ambayo mtoto huenda shuleni kwa miguu kuliko ya vyumba vitatu inayomla saa tatu kwa siku ndani ya gari.

Lakini jambo linalowahusu wapenzi wa Kiswahili hasa, na ambalo wao ndio wa kwanza kulipuuza wanapotafuta nyumba zao, ni lugha ya mtaa. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, walionyesha kwamba vijana wa Nairobi wamezua misimbo miwili: Sheng kwa mitaa ya mashariki, na Engsh kwa mitaa ya magharibi ya wenye nafasi. Kuhamia mtaa, basi, ni kumchagulia mwana lugha ya kuchezea, na lugha ya kuchezea ndiyo hukita mizizi. Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia hivyo hukimbilia kuilaani Sheng, kama alivyofundishwa. Afikirie upya. Mtoto anayesema "hao madem wanakam" ameazima maneno, lakini viambishi vyake vya nafsi na wakati ni vya Kiswahili. Mwalimu ana msingi wa kujengea, ingawa atatoka jasho.

Mtoto wa ghorofa la Kileleshwa yuko katika hali nyingine kabisa. Wazazi humsemesha Kiingereza, shule humwadhibu au kumbeza anapokiacha, na wenzake wa kwenye lifti ni wa aina yake. Mtu wa pekee anayezungumza naye Kiswahili ni msaidizi wa nyumbani, na hata naye mtoto hupokea kutoka kwa wazazi namna moja tu ya kumsemesha: leta, osha, ondoa, harakisha. Anakua akijua hali ya kuamuru peke yake. Hajawahi kutaniwa kwa Kiswahili, kubembelezwa, kutegewa kitendawili wala kushindwa hoja kwacho. Akifika shule ya upili huliona somo hilo kama lugha ya watumishi, na lawama humwangukia mwalimu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini kifungu hicho cha 7 hakipandi lifti. Wahadhiri wanaolalamikia umaskini wa Kiswahili cha wanafunzi wao wangefaa kuulizwa, kwa heshima zote, watoto wao wenyewe wanacheza wapi.

Yamkini mtu atasema kwamba haya ni maneno ya wenye uwezo wa kuchagua, na kwamba mshahara ndio unaomchagulia mlalahoi mtaa. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Anayelipwa kwa kutwa hulala pale penye kodi anayoimudu, seuze kufikiria koti na nyasi. Ila hata ndani ya bei moja kuna tofauti, na tofauti hizo hazionekani katika matangazo wala kwa dalali, ambaye humpeleka mteja Jumamosi mchana jua likiwaka. Anayehamia na arudi peke yake siku ya mvua. Amuulize mama mboga wa kona, si msimamizi, maji ya mfereji huja siku ngapi kwa juma na wapangaji hukaa miaka mingapi. Mama mboga hana haja ya kumficha. Arudi tena saa kumi na moja jioni, watoto wanapotoka shuleni. Asimame kando kidogo, ahesabu wangapi wako nje na wangapi wanachungulia madirishani, na asikilize wanagombana kwa lugha gani. Amana ya nyumba na ilipwe baada ya hapo.