Msinipigie Windo

Mafundi wenzangu, mtanisamehe. Au msinisamehe.

Mwezi wa saba, upepo wa Msalato ukitujaza vumbi hadi kwenye kibodi, binti mmoja wa chuo alikuja kibandani kwangu na kompyuta iliyogoma kuwaka. "Kaka, mjini mafundi wawili wamesema tupige windo." Ndani mlikuwa na utafiti wake wa mwaka mzima, na nakala hana. (Nilimsema kwa hilo pia.) Kosa lake, kwa mujibu wao, ni kujitengenezea kerneli yake ya Linux. Nani alimtuma? Si Wazungu wameshatengeneza?

Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Kupiga windo kwa kila ugonjwa si ufundi. Ni kubomoa nyumba kwa kuwa kitasa kimekwama.

Kioo kilikuwa kimejaa maandishi na hakuna aliyeyasoma. Kerneli ilisema wazi kwamba imeshindwa kufungua diski yenye mfumo, ikamalizia na namba mbili: 0,0. Zingekuwa 8,1, diski ingekuwa imeonekana, tatizo ni kuisoma. Sifuri mbili maana yake kerneli haikuiona diski kabisa. Imekufa? Niliwasha upya, nikachagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, ikawaka bila kusumbua. Dakika tano hazikufika. Tukaanza kwa kunakili utafiti kwenye flashi.

Katika kuipunguza kerneli iwe nyepesi, binti aliitoa draiva ya diski akaiacha kama moduli, yaani faili la pembeni. Faili hilo linakaa wapi? Kwenye diski ileile! Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Kwa kawaida kuna furushi dogo linalopakiwa mapema kwenye kumbukumbu, limebeba funguo za namna hiyo, yeye hakulitengeneza. Basi tukaiingiza draiva ndani ya kerneli yenyewe, pamoja na ile ya kusoma mafaili, tukaanza kuijenga upya.

Na hao Wazungu wenu? Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, akiichokonoa kompyuta ya nyumbani. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Waliifungua kazi ya wengine kwa sababu programu huria imeachwa wazi ili ifunguliwe. Leo mwanafunzi wetu akifungua, tunamcheka, kisha tunamtoza hela ya kumfutia kazi yake.

Umeme ulikatika mara moja. Uliporudi, ujenzi ukaendelea pale ulipoishia. Saa nne usiku kompyuta ikawaka na kuuliza jina na nywila.

"Deni langu shilingi ngapi, kaka?"

Nikamwambia kwanza akawaelezee wale wawili wa mjini maana ya zile sifuri, halafu tutaongea.