Ukumbi wa Mabibi: Safari ya Mwanamke Asiye na wa Kufuatana Naye



Bibi mmoja mjane, mkaazi wa Mombasa, ametuandikia kwamba amepewa siku ya kuonana na daktari katika hospitali kubwa mjini Nairobi. Mwanawe wa kiume yumo katika mitihani, kakaye yuko kazini Arabuni, na ami zake ni wazee wasioweza tena safari ndefu. Kila aliyemwendea kwa shauri amemwambia, "Ngoja." Naye amengoja, hata siku ya kwanza aliyopewa ikampita. Sasa amepewa ya pili. Atuuliza: mwanamke aliye peke yake, mwenye shilingi chache, atasafiri vipi afike na kurudi salama?

Kwanza tuseme lililo la dini, kwa ufupi. Sote twajua kwamba Mtume, sallallahu alayhi wasallam, amemkataza mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Lakini na tutazame pia alivyolihukumu jambo hilo lilipomfikia. Mtu mmoja alimjia akamweleza kwamba mkewe ametoka kwenda Hija, na yeye mwenyewe amekwisha kuandikwa katika jeshi. Mtume hakumwamuru akamrudishe mkewe nyumbani. Alimwamuru yeye mwanamume aende akahiji pamoja na mkewe. Mzigo, basi, aliutwika mabega ya mwanamume. Tena katika habari za Adi bin Hatim twasoma kwamba Mtume alimbashiria zama ambazo mwanamke atasafiri kutoka Hira hadi Al-Kaaba, hana amwogopaye ila Mwenyezi Mungu. Na Adi akaishi hata akayaona hayo kwa macho yake. Usalama wa mwanamke njiani umetajwa hapo kuwa neema na dalili ya nchi iliyotengenea.

Wanavyuoni wamekhitalifiana katika matawi ya jambo hili. Wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, wamemruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, na wa Hanafi na Hanbali wameshika sharti la maharimu. Hukumu ya safari yake mwenyewe, bibi huyu amwulize sheikh wa mtaa wake, amweleze ugonjwa wake na dharura yake. Kazi ya ukumbi huu ni kuonyesha jinsi safari inavyotengenezwa pale inapokuwa haina budi.

Neno letu kubwa ni hili. Watu hudhani hatari ya safari iko katikati ya njia. Sisi twaona kwamba mara nyingi iko katika ncha zake mbili: pale msafiri anapotoka kwake, na zaidi pale anaposhuka katika mji asioujua. Katikati ya njia yumo pamoja na mamia ya watu. Akishuka, huwa peke yake. Kwa hiyo mwenye fedha chache na abane matumizi katikati, afungue mkono katika ncha. Wengi hufanya kinyume: hununua kiti cha fahari, kisha wakifika hutafuta gari la bei rahisi gizani. Wazee wamesema, rahisi yavunja upishi.

Tuchukue safari hii hii ya Mombasa na Nairobi. Barabara ni kadiri ya kilomita 480, na mabasi mengi huondoka usiku. Tangu 2017 iko pia reli mpya. Nauli ya garimoshi iliyotangazwa mwanzoni mwa 2024 ilikuwa shilingi 1,500 kwa daraja ya kawaida, na 4,500 kwa daraja ya kwanza. Anayekwenda na kurudi kwa daraja ya kawaida hutoa 3,000, na kwa daraja ya kwanza hutoa 9,000. Tofauti ni shilingi 6,000, na mwendo ni ule ule. Hizo 6,000 ndizo za kumlipa dereva anayejulikana na kupata chumba chenye mlango wa kufungika. Nauli na nyakati hubadilika, basi na zihakikishwe kabla ya kulipa.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko daraja ya kiti. Garimoshi la asubuhi husimama katika vituo vya njiani, kwa hiyo hukawia kidogo. Lakini humfikisha msafiri mchana, jua likiwa bado juu. La alasiri humfikisha usiku umekwisha kuingia, na la usiku humfikisha kabla ya alfajiri. Na stesheni zenyewe haziko katikati ya miji: ya Mombasa iko Miritini, na ya Nairobi iko Syokimau, mbali na mji. Mwanamke mgeni kushuka Syokimau usiku wa manane, akitafuta gari, ni jambo tusilomshauri mtu. Achague la asubuhi, na aende siku moja au mbili kabla ya siku ya daktari, ili kuchelewa kidogo kusimpotezee miadi.

Afike stesheni mapema, kwa kuwa mizigo hukaguliwa na kitambulisho hutazamwa pamoja na tikiti. Katika daraja ya kawaida viti hutazamana. Akiona amekaa pasipompendeza, amwombe mhudumu amweke karibu na mwanamke mwenye watoto. Hilo si la kuonea haya. Chakula chake atoke nacho nyumbani, mahamri yake na chupa yake ya maji. Hapo huokoa fedha, na tena hujikinga, kwa maana wako wasafiri waliopokea biskuti au kinywaji kwa mtu wasiyemjua, wakaja kuzindukana hawana mzigo wala pesa. Asante kwa upole yatosha kumjibu mkarimu. Na sala isimtie wasiwasi: msafiri anayo ruhusa ya kukusanya adhuhuri na alasiri, akatia nia ya kuakhirisha kabla wakati wa adhuhuri haujatoka, akaja kusali afikapo.

Dhahabu ibaki nyumbani. Fedha taslimu azigawe mahali patatu, zisikae zote katika mkoba mmoja. Bora zaidi, achukue za matumizi ya siku mbili tu, na zilizobaki aziache kwa mtu mwaminifu nyumbani, awe akimtumia kwa simu kila zinapohitajika. Simu ikipotea hapo hakupotea kila kitu. Kwa sababu hiyo hiyo, nambari tatu za jamaa ziandikwe kwa wino katika kikaratasi na zishonwe katika pindo la nguo. Barua ya daktari na kadi ya bima zitolewe nakala, na nakala zibaki nyumbani.

Sasa tuje katika ncha ya pili. Akiwa na jamaa Nairobi, hata wa mbali, aandikiwe au apigiwe mapema, si siku ya safari. Amwombe mwenyeji aje stesheni, au amtume dereva anayemjua kwa jina na kwa nambari ya gari. Ikiwa ni gari la kuitwa kwa simu, atazame nambari ya gari kabla ya kufungua mlango, na amwulize dereva, "Umekuja kumchukua nani?" Asimtajie jina lake kwanza. Akaaye ndani ya gari hilo na ampigie mtu wa nyumbani, amweleze alipo kwa sauti ya kusikika.

Asiye na jamaa atafute, kabla hajatoka Mombasa, mtu wa kumpokea. Msikiti wa mtaa wake una watu wenye ndugu Nairobi. Madrasa ina walimu waliosoma huko. Vyama vya akina mama vina wenzao. Swali moja huenda likazaa mlango wa nyumba njema. Akikosa kabisa, achukue chumba karibu na hospitali, ajue bei kabla ya kwenda, alipe usiku mmoja kwanza, atazame kama mlango wafungika kwa ndani, na asimwambie mtu nambari ya chumba chake. Pakimchukiza, ahame kukingali mchana.

Jambo la mwisho ni karatasi ya nyumbani. Iandikwe: nambari ya behewa na kiti, saa ya kufika, jina na simu ya mwenyeji, jina la hospitali. Wapatane simu tatu: akipanda, akishuka, na akiingia alikofikia. Tena wapatane itakuwaje simu isipokuja. Apigiwe mwenyeji kwanza, na asipopatikana ipigwe simu ya polisi, 999 au 112. Mwanamke aliyetendewa ubaya wa kijinsia nchini Kenya aweza pia kupiga 1195. Nambari hizo ziwe katika kile kikaratasi cha pindoni.

Tunalo neno kwa waume, kaka na ami wanaousoma ukurasa huu baada ya wake zao. Kumwambia mgonjwa "ngoja" ni kazi nyepesi, haina gharama kwa asemaye. Gharama yote humwangukia angojaye, na maradhi hayana subira. Ukiweza kufuatana naye, fuatana naye, hiyo ndiyo njia tuliyofundishwa. Usipoweza, basi kata tikiti ya asubuhi, tafuta mwenyeji, lipa gari la kumpokea, na ukae karibu na simu yako mpaka afike. Ukishindwa hata na hayo, usiwe wewe wa kumlaumu kwa kwenda.

Nawe bibi, tahadhari kabla ya hatari. Na baada ya tahadhari, mtegemee Mola wako. Soma dua ya safari, waage jirani zako, na siku ya daktari isikupite tena. Mwenyezi Mungu akupe afya, akufikishe na akurudishe salama kwa wanao. Amin.

Wabillahi tawfiq.