Arifa ya Barua Pepe na Adabu ya Hodi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ofisi za Kizingo, kisiwani Mombasa, yuko mgeni ambaye kila ajapo mwenyeji huumwa kichwa. Mgeni huyo ni arifa ya barua pepe: kijisanduku kinachochomoza pembeni mwa kioo cha tarakilishi, kikalia kengele, kikafunika maandishi, kisha kikatoweka kabla ya kusomwa. Programu ya Outlook ya mwaka 2003 ilikuwa miongoni mwa zilizokizoesha maofisini, na tangu hapo hakijaondoka.

Chukua mfano wa karani wa wakili anayetafsiri hati ya kiapo kwa Kiswahili. Maana ya sentensi ndefu ameipata, sasa anatafuta kitenzi kinachofaa. Mara kengele yalia. Anatazama: tangazo la viti vya ofisi. Arudipo kwenye hati, kitenzi kimekwisha kumponyoka. Utafiti wa Gloria Mark na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa watu wanaokatizwa hufidia kwa kufanya kazi upesi zaidi, lakini hulipia kwa kero na msongo wa mawazo. Hasara hiyo basi haipimwi kwa saa ya ukutani pekee.

Ubaya wa pili ni kuvunja sitara. Arifa hutaja jina la mwandishi, kichwa cha barua na mara nyingi maneno yake ya kwanza. Mteja aliyeketi kando ya meza huweza kusoma deni au talaka ya mteja mwingine. Hakuna mwizi aliyeiba siri. Mfumo wenyewe ndio uliotangaza.

Waswahili wana dawa ya kale ya maradhi haya. Katika Mji wa Kale, jirani na Kizingo, mgeni hubisha hodi na kungoja karibu. Asipojibiwa mara ya tatu, hurudi alikotoka. Akipokewa, huweza kuishia barazani bila ya kuyaona ya ndani. Hata pwani ya Kizingo, zinapopita meli ziendazo Kilindini, somo ni lilo hilo: meli kubwa haijiingilii bandarini, bali hungoja rubani. Ikiwa meli iliyosheheni makontena hubisha hodi, tangazo la viti lina cheo gani?

Wako watakaosema kwamba arifa huzimwa, basi azime asiyezitaka. Hoja hiyo haitoshi. Kuzima ni kutia komeo mlangoni, na mwenye dharura naye hubaki nje. Kinachotakiwa ni baraza: barua zikae kimya hadi mwenyeji atakapokuwa tayari, abishe yule tu aliyeruhusiwa na mwenyeji, na maneno ya ndani yasionekane kabla ya karibu. Zipo programu zinazowezesha hayo, lakini mipangilio yake hufichwa ndani kabisa, ilhali kelele huwashwa tangu mwanzo bila ya mtumiaji kuulizwa.

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohusika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft nayo ikaipa Windows sura ya Kiswahili. Kazi hizo zastahili sifa. Hata hivyo, kilichotafsiriwa ni maneno; mwenendo wa chombo ulibaki vile vile. Neno "arifa" limepatikana, lakini hodi haijapatikana. Mwanafunzi anayeitwa kesho kutafsiri programu asiridhike na orodha ya istilahi. Aulize pia chombo hicho kinaingiaje nyumbani mwa watu. Lugha iliyo na neno la kuombea ruhusa mlangoni ina la kuwafunza waundaji wa tarakilishi, na hapo ndipo mgeni atakapokuja, mwenyeji naye akapona.