Poppy si mjinga

Mwandishi, ulipomwita Poppy mjinga umemwonea. Happy-Go-Lucky ya Mike Leigh (2008) si filamu ya dada anayechekacheka ovyo. Baiskeli ya Poppy inaibwa mwanzoni tu. Badala ya kulaani, anasikitika kwamba hakupata nafasi ya kuiaga, kisha anaanza kujifunza udereva. Anachosha, nakubali, hasa nusu saa ya kwanza. Lakini mtazame kazini: ni mwalimu wa shule ya msingi jijini London, na mtoto mmoja anapoanza kuwapiga wenzake, mzaha unakoma. Anamwona, analifikisha jambo hilo kwa mkuu wa shule, na ofisa wa ustawi wa jamii anaitwa kuzungumza na mtoto taratibu. Halafu yupo Scott, mwalimu wake wa udereva (Eddie Marsan, mkali kama pilipili kichaa). Anapomlipukia, Poppy hamdharau, ila funguo za gari hampi mpaka atulie, na masomo yanaishia hapo. Mjinga gani huyo mwenye mipaka hivyo? Sally Hawkins, anayemwigiza Poppy, aliistahili kabisa tuzo ya Dubu wa Fedha aliyopewa kwenye tamasha la filamu la Berlin. Itazame tena, ndugu yangu, kisha uandike upya.