Barua pepe za mradi si mali ya karani

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Wasomaji na wasikilizaji wetu, na zaidi ninyi wahami wa vita munaotufuata kutoka kwa jamaa zilizowapokea, ao kutoka vijiji mulikorudia: leo sitaongea juu ya risasi. Nitaongea juu ya barua pepe. Musicheke kwanza. Kuna jamaa kati yenu zimelala njaa juu ya barua pepe moja iliyopotea, na hazikujua.

Angalieni namna kazi inavyoendeshwa. Siku shirika linapokuja kuandikisha, mama anasimama kwenye mstari tangu asubuhi. Jina lake linaandikwa, hesabu ya watoto inaandikwa, anapewa jetoni. Anarudi akifikiri kwamba jina lake limebaki kwenye shirika. Hapana. Jina limeingia katika lisiti, lisiti imefungwa ndani ya barua pepe, na barua ile imetumwa kwa mtu mmoja, kwenye anwani yake mwenyewe. Ni anwani ile ile anayopokelea habari za ndoa ya dada yake na matangazo ya kazi. Kiisha miezi sita mradi unaisha. Mkataba wa karani unaisha pia. Anaenda Bunia ao Kalemie kutafuta kazi ingine, na lisiti yenu inaenda naye.

Mradi mwingine unapofika, mama anasikia: “Haumo kwenye lisiti, mama.” Anatoa jetoni yake aliyoifunga kwenye kitambaa. Anajibiwa: “Hii ni ya mradi wa zamani.” Basi anaanza tena mwanzo, sawa vile jana ndipo alikimbia.

Nasema haya bila kujitoa ndani. Mbele ya kuingia katika kazi ya habari, nilikuwa karani wa shirika moja. Barua zote za kazi, za miradi minne, zilikaa katika kikasha kimoja pamoja na zangu binafsi. Siku moja mkubwa wa komite ya kambi alinitumia barua: jamaa ya mama fulani imeandikwa watu watatu, na wako nane. Nilimujibu “Tumepokea”, nikaendelea na kazi. Siku ya kugawa unga nilitafuta barua ile, sikuiona. Kichwa chake kilikuwa “Salamu” tu. Niliipata wiki mbili nyuma, unga umekwisha. Mama yule alikula posho ya watu watatu na watoto wake. Sikumuibia, lakini mbele ya sufuria yake kuna tofauti gani?

Ndiyo maana sikubali wanaposema kwamba kupanga barua ni kazi ndogo ya watu wa biro. Tazameni vitu ambavyo havipotei. Fakitire ya mazuti ya gari inapatikana, hata ya miaka mitatu iliyopita, na sahihi juu na muhuri. Lisiti ya mama haipatikani. Kwa nini? Kwa sababu mkaguzi wa feza anatoka mbali na anaogopwa, na mama alikuwa anatoka tu Bulengo. Akili ya kutunza makaratasi iko. Heshima ndiyo inayokosekana.

Watanijibu: “Sisi tuko katika dharura, vita haituachi nafasi.” Hapa Goma tunajua dharura. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 serkali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu wakakimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Mwisho wa Januari 2025 M23 ikaingia mjini, depo za mashirika ya kiutu zikaporwa. Mwezi wa pili kambi zilizozunguka mji zikabaki tupu. Karatasi iliyo katika kabati inachomeka, ordinatere inabebwa kwa kichwa. Lakini barua pepe haikai Goma. Inakaa katika mashine za mbali, na mporaji hawezi kuifikia. Kinachohitajika ni mtu mwenye neno la siri. Kama neno lile liko kwa mtu mmoja tu, na mtu yule amevuka ziwa, ni sawa na lisiti imechomeka.

Tena musifikiri kwamba anwani ya bure ni sanduku la milele. Nafasi ya bure ya Google ni giga 15, na picha za simu zinakula humo humo. Ikijaa, barua mpya haziingii. Na tangu Disemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa miaka miwili. Kwa mtu ambaye vita imemutupa kijijini pasipo mtandao, miaka miwili si mingi.

Wengine watasema: “Majina ya wahami ni hatari, heri tusiyatunze.” Neno hilo lina uzito. Mnamo Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba mashine zake zimevamiwa, na habari za watu zaidi ya 515 000 zikafikiwa na wasiopashwa kuziona. Lakini sikilizeni vizuri: kutawanya si kuficha. Lisiti iliyo katika simu kumi na vikasha kumi ni hatari kupita lisiti iliyo katika dosie moja yenye kufuli, yenye watu wawili ao watatu wanaojulikana kuwa wanaweza kuifungua. Sheria ya inchi yetu juu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari binafsi za watu. Kutunza vizuri ni pamoja na kujua siku ya kufuta. Anayetupatupa barua hatunzi na wala hafuti, anaacha tu.

Na wale wanaosema “kazi ni nyingi”, nitawaonyesha kazi yenyewe. Kila mradi uwe na anwani yake, isiyo ya mtu: karani akiondoka, anwani inabaki. Kichwa cha kila barua kianze na jina la mradi, fasi na mwezi, halafu jambo lenyewe. “Salamu” si kichwa. Kila mradi uwe na dosie yake, na ndani yake vidosie vichache: lisiti, malalamiko, ugawaji, feza, mikutano. Programu za barua zina kanuni unayoandika mara moja, halafu barua inajipanga yenyewe inapoingia. Barua ikigusa miradi miwili, Gmail inakubali lebo mbili juu ya barua moja, hakuna haja ya nakala.

Musidanganyike pia na kitufe cha kuweka barua katika kumbukumbu. Katika Gmail kinaitoa barua kwenye kikasha tu; haijatengenezwa nakala ya akiba. Mradi ukifungwa, dosie nzima itolewe na kuwekwa fasi mbili, moja nje ya mji. Na mbele mkataba wa karani haujaisha, aketi na anayemfuata, amupe dosie, na karatasi moja inayosema malalamiko gani bado hayajajibiwa. Ni kazi ya siku moja. Mama alisimama kwenye mstari siku ngapi?

Serkali nayo isijifiche nyuma ya mashirika. Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009, ya Umoja wa Afrika, yanasema katika kifungu cha 13 kwamba serkali ipashwe kuwa na daftari ya wahami, na kuitengeneza upya kila mara. Daftari ile itatoka wapi, kama barua zinazobeba majina zinakufa na kila mkataba?

Sasa neno kwenu, wahami. Musingoje tu. Siku ya kuandikishwa, muliza karani maswali matatu, kwa adabu lakini bila woga. Lisiti hii inatumwa kwenye anwani ya nani, yako ao ya mradi? Mradi ukiisha, itabaki kwa nani? Na lalamiko langu lina namba gani? Komite za wahami ziwe na kaye: tarehe, jina la mradi, jina la shirika, barua iliyotumwa siku gani, jibu lilikuja siku gani. Piga picha ya jetoni yako, lakini usiitupe katika kikundi cha WhatsApp. Kama unaandikia shirika, sema katika mstari wa kwanza mradi gani na fasi gani. Usiombe samahani kwa kuuliza. Lile ni jina lako.

Kwenu ndugu zangu wa biro, ambao wengi wenu ni watoto wa hapa na mulikimbia pamoja nasi: naomba leo jioni, mbele ya kufunga ordinatere, mutafute dosie ya mradi mmoja. Jiulizeni kama kesho mukiwa hamuko, mwingine ataweza kupata humo lalamiko la mama mmoja katika dakika tano. Kama hapana, kazi yenu bado haijafanyika, hata kama raporo imekwisha kutumwa.

Mtu aliyekimbia mara tatu asilazimishwe kuandikishwa mara kumi. Vita imekwisha kumunyanganya shamba, nyumba na mifugo. Musimunyanganye na jina.