Elimu ya Kazi: Tovuti ya Chama Isipofunguka, Tufanyeje?



Tangu zamani tangazo la chama hubandikwa ubaoni penye ghala, au husomwa baada ya Misa, na kila mtu hurudi nyumbani na habari yake. Desturi hiyo ni njema na yafaa iendelee. Lakini siku hizi ziko shule, vyama na vikundi vinavyoweka pia habari zao katika intaneti. Halmashauri zetu mbili, ya Karagwe na ya Kyerwa, zina tovuti zao. Basi na chama cha msingi nacho huona vema kuwa na ukurasa wake, ili mwanachama aliyeko Kaisho au Murongo asome katika simu siku ya kupima kahawa, bei iliyopatikana mnadani, na tarehe ya mkutano.

Kazi hiyo hukabidhiwa kijana aliyesoma mambo ya kompyuta. Hukodi mashine ndogo, huweka ukurasa, watu hufurahi. Kisha siku moja, katikati ya msimu, ukurasa haufunguki.

Msiseme kwamba hilo ni jambo dogo. Sote twaijua butura. Mtu mwenye shida ya ada au ya dawa huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kumdhulumu. Butura na ulanguzi hustawi mahali ambapo mkulima hana habari ya hakika. Siku ukurasa wa chama unaponyamaza, mlanguzi yeye hanyamazi. Kwa hiyo leo twataka kueleza mashine hii ni nini, hutengenezwaje, na ikiharibika uanzie wapi. Wazazi, someni nanyi pia. Mwisho wa habari hii mtaona kwamba mna kazi yenu.

MASHINE HII IKO WAPI?

Ukurasa haukai ndani ya simu yako. Unakaa katika kompyuta iwakayo usiku na mchana, nayo huitwa seva. Ndani yake mna programu ingojayo maombi kama karani adirishani: ukiomba ukurasa, hukutolea. Kazi ya namna hii ilianzishwa na Mwingereza Tim Berners-Lee huko CERN, karibu na Geneva, kati ya mwaka 1989 na 1991. Siku hizi programu zijulikanazo zaidi kwa ukarani huo ni Apache, ya tangu mwaka 1995, na Nginx, iliyotolewa mwaka 2004.

Chama kidogo hakinunui seva. Hukodi chumba katika nyumba kubwa ya kompyuta. Kompyuta moja yenye nguvu hugawanywa kuwa mashine nyingi ndogo, na kila mpangaji hulipa kodi yake kwa mwezi. Zile ndogo kabisa hukodishwa kwa dola chache tu, nazo huwa na memori ya MB 512 au GB 1. Kumbukeni kipimo hicho, maana ndicho asili ya taabu nyingi.

Nyumba hiyo mara nyingi iko mbali, pengine Ulaya au Afrika Kusini. Ombi lako hutoka katika simu, hufika kwenye mnara, husafiri kwa waya mpaka Dar es Salaam, kisha hupita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilikatika, na nchi yetu pamoja na majirani ikakaa na intaneti dhaifu. Siku ile seva nyingi za ng'ambo zilikuwa nzima kabisa, ila njia ya kuzifikia ndiyo iliyoharibika. Kijana ambaye siku kama ile angefuta mashine yake na kuanza upya, angekuwa amebomoa nyumba kwa sababu daraja limevunjika.

KUITENGENEZA VEMA TANGU MWANZO

Kwanza ni jina. Chama hununua jina, kwa mfano linaloishia na .tz, na jina hilo huelekezwa kwenye namba ya mashine. Jina hulipiwa kila mwaka. Likisahauliwa, mashine itakuwa nzima lakini hakuna atakayejua njia.

Pili ni milango. Mashine ina milango mingi yenye namba. Mlango 80 na mlango 443 ni ya wasomaji. Mlango 22 ni wa fundi. Mingine yote ifungwe. Katika mlango 22 usitumie neno la siri ambalo mtu aweza kulikisia, kwa maana ziko programu duniani zinazobisha hodi mchana na usiku zikijaribu maneno elfu na elfu. Tumia ufunguo wa kompyuta, ambao ni faili ndefu isiyoweza kukisiwa.

Tatu ni cheti cha usalama, kile kinachoonyesha kufuli katika simu ya msomaji. Tangu mwisho wa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure. Vimekuwa vikidumu siku 90, na shirika hilo limekwisha kutangaza kwamba muda utapunguzwa hatua kwa hatua hadi siku 45. Mashine yaweza kujihuishia cheti yenyewe, lakini mara nyingi uhakiki wake hupitia mlango 80. Basi mtu akiufunga mlango huo mwezi Machi, akidhani anaongeza usalama, hataona ubaya wowote siku ile. Ataona mwezi Juni, kahawa ikiwa imeiva, ambapo simu za wanachama zitaanza kuwaonya kwamba ukurasa wa chama si salama. Hapo watu husema tumeingiliwa na wezi, kumbe ni mlango tu.

Nne ni kurasa nyepesi. Mkulima hulipia kila MB anayoisoma. Picha kumi kubwa za mkutano mkuu zitamla bando kabla hajaiona bei.

WATU WENGI KATIKA CHUMBA KIDOGO

Sasa twafika kwenye ugonjwa uzisumbuao mashine ndogo kuliko mwingine. Tuchukue mfano wa mashine ya GB 1 yenye Apache, pamoja na ghala la taarifa ambamo matangazo huhifadhiwa. Mashine yenyewe na ghala lake vikichukua chao, pengine hubaki MB 600. Apache huwahudumia wasomaji kwa kuwaita watumishi, na kila mtumishi, ikiwa ukurasa ni mzito, aweza kula MB 50 hivi. Gawanya 600 kwa 50: chumba kinatosha watumishi 12. Lakini katika mashine nyingi Apache hupangwa tangu mwanzo kuruhusu watumishi 150.

Siku za kawaida, wasomaji wakiwa watatu au wanne, hakuna neno. Siku bei inapotangazwa, watu mia mbili hufungua kwa mara moja. Apache huita mtumishi juu ya mtumishi mpaka memori inakwisha. Hapo mfumo wa mashine, yaani Linux, hujiokoa kwa kuua programu inayokula memori nyingi kuliko zote, na mara nyingi programu hiyo ndiyo ghala la taarifa. Msomaji huona maandishi kwamba ghala halipatikani.

Kijana akiizima mashine na kuiwasha, ukurasa hurudi, naye husifiwa. Juma lijalo bei ikitangazwa tena, mashine huanguka tena. Watu husema seva imerogwa, wengine husema nunueni kubwa zaidi. Dawa yake ni hesabu tuliyoifanya: punguza watumishi wawe 10 au 12, na wasomaji wengine wangoje sekunde mbili tatu. Tena tenga sehemu ya diski iwe akiba ya memori. Kungoja kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

ULIZA KWA UTARATIBU

Mganga mwema hachomi sindano kabla ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Hata hapa, uliza kutoka nje kuingia ndani, wala usiruke swali.

1. Je, ni mimi peke yangu? Jaribu simu nyingine, yenye mtandao mwingine. Angalia bando.

2. Je, jina na kodi vimelipiwa?

3. Je, mashine inajibu? Ikikataa papo hapo, maana yake mara nyingi mashine ipo lakini karani hayupo dirishani, iamshe programu. Ikikaa kimya mpaka simu ikachoka, basi ama mashine imezimika, ama ukuta umeziba njia.

4. Je, imejibu kwa namba gani? Namba 404 yasema ukurasa uliouomba haupo. Namba 403 yasema upo, lakini huna ruhusa. Fundi aangalie ruhusa za mafaili. Namba 500 yasema programu ya ndani imekosea. Namba 502 yasema karani wa mbele yupo, lakini mwenzake wa nyuma hampi jibu la maana. Namba 503 yasema huduma haiwezekani kwa sasa, pengine kwa kuelemewa.

5. Je, diski imejaa? Andika "df -h" uone. Mashine huandika kila ombi lililoingia, na maandishi yasipopunguzwa hujaza diski ndogo. Diski ikijaa, ghala la taarifa haliwezi kuandika, nalo husimama.

6. Je, memori imekwisha? Andika "free -m".

7. Je, mashine yenyewe yasemaje? Hili ndilo kubwa. Seva ina daftari la makosa. La Nginx huwa katika "/var/log/nginx/error.log", na la Apache, katika mashine za Ubuntu, huwa katika "/var/log/apache2/error.log". Humo mna tarehe, saa, na sababu. Ikiwa ghala liliuawa kwa kukosa memori, daftari la mfumo wenyewe husema hivyo waziwazi. Kuizima na kuiwasha mashine bila kusoma daftari ni kumpa mgonjwa dawa ya usingizi.

Baada ya kuijua sababu, weka nakala ya faili kabla ya kuigusa. Badili jambo moja tu, kisha jaribu. Kabla ya kuiwasha upya Nginx andika "nginx -t", na kwa Apache andika "apachectl configtest". Programu itasoma maagizo yako na kukuambia mstari gani una kosa. Nukta-mkato moja iliyosahauliwa katika maagizo ya Nginx yatosha kuizuia isiwake. Haraka haraka haina baraka.

KAZI YA WAZEE NA WAZAZI

Wako wazee wasemao, "Mambo hayo ni ya vijana, sisi hatuyajui." Ndugu, wewe huhitaji kujua kuandika amri za kompyuta, kama vile hukuhitaji kuwa mhasibu ili uulize hesabu za chama. Mali bila daftari huisha bila habari. Ulizeni mambo manne.

Jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la nani? Liwe la chama. Kijana akienda Mwanza kutafuta kazi asiondoke nalo mfukoni.

Funguo ziko kwa nani? Ziwe kwa watu wawili, na nyingine katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la chama.

Nakala ya akiba iko wapi? Isikae katika mashine ileile, maana nyumba ikiungua huungua na kilichomo. Tena ijaribiwe mara moja moja kama inafunguka.

Na majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao, yako wazi kwa watu wote? Yasiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata bila sheria, ni vibaya kulianika deni la jirani yako mbele ya dunia nzima.

Kadhalika mwambieni kijana wenu awe na daftari la karatasi: siku gani alibadili nini, na kwa sababu gani. Akija fundi mwingine ataanzia hapo. Na kijana huyo apewe posho yake, hata kama ni ndogo. Kazi ya kuamka usiku kuifufua mashine ni kazi kama kazi nyingine.

Mwisho, msiuache ubao. Siku nyaya za baharini zitakapokatika tena, hakuna hekima ya kijana itakayoziunganisha kutoka Kayanga. Siku hiyo bei iandikwe kwa chaki penye ghala, isomwe baada ya Misa, itangazwe katika redio, ili mlanguzi akifika mlangoni kwa mjane amkute tayari anajua kilo ya kahawa yake ni shilingi ngapi.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.